Thamani ya Silaha Iliyobadilishwa: Hoja kutoka Nyeri

Wakusanyaji wa silaha za kale, ambao ni wengi zaidi Uingereza na Marekani kuliko katika nchi zetu, wana kanuni moja waitiiyo kama sheria: silaha iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani ni aali, na iliyoguswa na tupa ya fundi wa baadaye imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kanuni hiyo haikuzuka bure. Bastola za Webley Mark VI, zilizoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1915 kwa risasi za kipimo cha .455, ziliuzwa kwa wingi Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Na kwa kuwa risasi zake zilikuwa adimu huko, mafundi walizipunguza silinda kwa nyuma ili zipokee risasi za .45 zilizokuwa tele. Hata leo mkusanyaji stadi huanza kwa kuitazama sehemu hiyo, na akikuta chuma kimepunguzwa, huteremsha bei, maana kilichoondolewa hakirudi.

Madhumuni ya makala haya ni kubainisha kwamba kanuni hiyo, ikichukuliwa kama ilivyo na kupelekwa Nyeri, Karatina na Nanyuki nchini Kenya, hutoa hukumu isiyo ya insafu, kwa kuwa badiliko katika silaha si kasoro wala si pambo mpaka ijulikane ni nani aliyelifanya, lini, kwa haja gani, na kwa ushahidi upi.

Soko lenyewe, likihojiwa vyema, hukiri jambo hili. Bastola ya Enfield Nambari 2 ilikubaliwa jeshini mwaka 1932 ikiwa na nyundo yenye kishikizo cha kuvutwa kwa dole gumba; baadaye jeshi likakiondoa kishikizo hicho, kwa kuwa kilinasa ndani ya vifaru, na nyingi zilizokwisha kuundwa zikarudishwa karakana zikabadilishwa. Hapana mjuzi aziitaye hizo mbovu, maadamu badiliko lina tarehe, lina sababu, na lina mwenyewe. Kadhalika bunduki ya Rigby ya kipimo cha .275 aliyotunukiwa mwindaji Jim Corbett mwaka 1907 kwa kumwua chui milia jike mla watu wa Champawat, India: kitakoni mwake kulitiwa kibati cha fedha chenye maandishi ya zawadi hiyo. Corbett alihamia Nyeri baada ya India kupata uhuru, akafariki na kuzikwa huko mwaka 1955, na bunduki yake hatimaye ikarejea kwa kampuni iliyoiunda. Ni nani atakayethubutu kuking'oa kibati kile ili airudishe bunduki katika hali yake ya kiwandani?

Lakini hujja yenye nguvu zaidi imo katika silaha zisizopata kuuona mlango wa kiwanda. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambao bunduki zao za kweli zilikuwa haba, waliunda silaha kwa walivyovipata: bomba la maji likawa kasiba, komeo la mlango likawa mtambo, ukanda wa mpira au springi ukatia nguvu, ncha ya msumari ikapiga fataki, na mti uliochongwa kwa mkono ukawa kitako. Mwenye kuichunguza silaha ya namna hiyo kwa makini huziona alama za tupa zilizopishana, na mahali ambapo mti umelainika kwa kushikwa. Kwa mizani ya mkusanyaji wa London, chombo hicho ni vyuma vya kuokoteza. Kwa mizani ya tarikhi, kila alama ni maandishi ya watu ambao wengi wao hawakuacha maandishi mengine.

Wala silaha hizo hazikuwa na uzito mdogo mbele ya sheria. Katika watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau, 472 walihukumiwa kwa kumiliki silaha au risasi. Kiongozi wa wapiganaji hao, Dedan Kimathi, alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 katika upande wa Tetu, alikutwa na bastola ya Webley Scott ya .38, akashtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa kuimiliki bastola hiyo na risasi zake, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Bastola za aina ile zilikuwa maelfu, na bei yake sokoni ni ya kawaida. Iliyopata kuwa kielelezo katika kesi ile haina bei, na tofauti kati yake na wenzake haimo katika chuma, bali katika hati za mahakama zinazoifungamanisha na mtu, mahali na siku.

Yawezekana mtu akapinga, na pingamizi lake lastahili jibu: ikiwa badiliko laweza kuongeza thamani, je, hatutawafungulia mlango walaghai, wakate bomba leo na kuliita la mwaka 1953? Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu ushahidi lazima utangulie bei. Kutu iliyoota ndani ya mkato wa tupa ni tofauti na kutu iliyopakwa juu yake. Uchakavu wa matumizi hukaa pale mkono unapofika, si pale mlaghai anapopenda. Na masimulizi ya familia, yakiandikwa mapema na kulinganishwa na hati, huthibitika au huanguka. Kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote ni kuisafisha silaha, kuipiga msasa na kuitia nikeli ipate kumeremeta, kwani mwenye kufanya hivyo hufuta ushahidi wote kwa mkono mmoja.

Ruring'u, mjini Nyeri, ndiko wapiganaji walikosalimisha silaha zao baada ya uhuru wa Desemba 1963, na humo humo mjini mahakama ya zamani ya wenyeji imekuwa makumbusho. Hata hivyo ulinzi wa kisheria una pengo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa cha kale kitu kilichoundwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Silaha za miaka ya 1950 zimo nje ya mpaka huo, na hupata hifadhi endapo tu zitatangazwa mahususi. Kwa upande mwingine Sheria ya Silaha humkataza raia kuweka silaha bila cheti, na ni haki iwe hivyo; lakini silaha zinazosalimishwa aghalabu mwisho wake ni moto, kama zilivyoteketezwa 5,250 huko Ngong mwezi Novemba 2016.

Rai yangu ni kwamba kila silaha inayosalimishwa katika kaunti zilizouzunguka Mlima Kenya itazamwe kwanza na mjuzi wa makumbusho, ipigwe picha, na aliyeileta aulizwe habari zake bila kutiwa hofu ya kushtakiwa; na zile zilizoundwa au kubadilishwa wakati wa hali ya hatari zitangazwe kuwa turathi, zifanywe zisiweze kufyatua kwa njia isiyoharibu alama zake, kisha zihifadhiwe zilivyo. Bei itakayotajwa sokoni si juu yetu kuiamua; lakini ushahidi ukishayeyushwa tanuruni, hakuna soko wala mahakama wala chuo kitakachoweza kuununua tena.