Kapkoros Si Kiwanda cha Chai Tu

Vijana wengi wa Ndanai tunajua mahekalu ya milimani ya Japani kupitia simu: lango jekundu, ngazi za mawe, ukungu. Poa sana. Lakini ukisikia Kapkoros, unafikiria nini? Kiwanda cha chai huko Bomet, sivyo?

Sasa skiza. Kabla majani chai hayajafika huku, kapkoros ilikuwa mahali pa ibada ya Wakipsigis. Watu walikusanyika kilimani, wakajenga madhabahu ya matawi, wakamwomba Asis, Mungu ambaye ishara yake ni jua. Nyumbani nako kulikuwa na mabwaita, madhabahu ndogo ya matawi nje ya mlango.

Hakukuwa na ukuta wala paa, ndiyo maana kuna wanaosema hatukuwa na hekalu. Hapo nakataa. Kule Nara, Japani, hekalu la Omiwa halina jengo la kumweka mungu wake ndani. Mlima Miwa wenyewe ndio mtakatifu. Mbona huo tunauita utamaduni, na wetu tunauita ushenzi?

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wetu wa kiroho. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Viongozi wakaondolewa, matawi yakakauka.

Jina bado liko kwenye ramani. Maana yake iko kwa kogo, na kogo anazeeka. Muulize wikendi hii: kilima chetu kilikuwa kipi?