Usikivu wa gari

Dereva wa Sumbawanga akilisifu gari lake, hana maneno mengi: "Inatulia." Gari inayotulia haiyumbi upepo wa Ufipa unapoipiga ubavuni kwenye barabara ya Laela, wala hairukiruki inapoacha lami na kushika vumbi. Kwa mtu anayepakia abiria na magunia ya mahindi kati ya Izia na vijijini, sifa hiyo inatosha. Tatizo ni kwamba tukianza kuzungumzia magari mepesi ya michezo, yale ya viti viwili yaliyotengenezwa kwa ajili ya kona, "inatulia" haitufikishi mbali. Land Cruiser lenye kilo zaidi ya 2,000 linatulia kuliko mengi ya hayo, na hakuna anayelinunua kwa sababu ya kona.

Waingereza husema handling, na wanaojaribu kulileta neno hilo kwetu huandika "uendeshaji" au "udhibiti". Yote mawili yanakosea mlango, kwa kuwa ni kazi ya dereva, ilhali tunatafuta jina la tabia ya gari lenyewe: dereva akiamuru kwa usukani, breki au mafuta, gari linaitika upesi kiasi gani, na linampa taarifa gani kuhusu matairi yake? Mimi napendekeza usikivu. Kusikia kwetu si kazi ya masikio tu. Mtoto msikivu ni yule anayetii. Utulivu ubaki kuwa jina la sifa nyingine, ya gari kushika njia yake bila kusumbuliwa na upepo au mashimo. Gari linaweza kuwa tulivu na lisiwe sikivu.

Wepesi unasaidiaje? Nguvu inayotaka kulitupa gari nje ya kona hukua sawasawa na uzito wake: uzito mara mbili, nguvu mara mbili. Mshiko wa tairi nao huongezeka tairi likilemewa, ila haufiki mara mbili. Hapo ndipo gari zito linapobaki na deni. Ukiteremka Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze na bonde la Ziwa Rukwa, Fuso lililojaa hulipa deni hilo kwa gia ndogo na mwendo wa kunyata.

Pia kuna suala la uzito umekaa wapi. Mtu aliyebeba mzega wa ndoo mbili akigeuka ghafla, ndoo huchelewa kuanza kugeuka, kisha hukataa kusimama. Gari lenye vitu vizito kwenye ncha zake lina tabia hiyohiyo. Ndiyo maana Lotus Elise ya mwaka 1996, yenye kilo zipatazo 725, injini yake iko nyuma ya viti, mbele ya ekseli ya nyuma. Mazda MX-5 ya mwaka 1989, chini kidogo ya kilo 1,000, imeacha injini mbele lakini ikaisogeza nyuma, karibu na dereva, hata ekseli mbili zikagawana uzito karibu nusu kwa nusu. Tabia zao hazifanani. MX-5 hulala kidogo kwenye kona, na ule ulalo ni ujumbe: dereva anajua mapema amebakiwa na mshiko kiasi gani. Elise hailali sana. Ujumbe wake hupitia kwenye usukani, nao ni mkali zaidi. Wajapani wa Mazda waliuita umoja wa gari na dereva jinba ittai, mpanda farasi na farasi wake kuwa mwili mmoja. Wao hawakusubiri neno la Kiingereza.

Gari likikataa kusikia, hukataa kwa namna mbili. Matairi ya mbele yakikosa mshiko kwanza, unakata usukani nalo linakwenda mbele: tuseme limegoma kona. Ya nyuma yakitangulia kuteleza, limetupa mkia. Porsche 911, ambayo injini yake imening'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, ilipata sifa mbaya ya kutupa mkia kwa dereva anayeachia mafuta katikati ya kona.

Afrika Mashariki iliyapima magari hayo kwa ukatili katika mbio za magari za Safari. Datsun 240Z, gari la michezo lenye injini mbele na nguvu kwenye matairi ya nyuma, ilishinda mwaka 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann, na tena 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Porsche 911 ilikuwa ya pili 1974, ikawa ya pili tena 1978. Lancia Stratos ilikuwa sikivu kupita kiasi: umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,180 tu, injini katikati. Mwaka 1975 Sandro Munari na Björn Waldegård walikuja nazo, wakamaliza wa pili na wa tatu. Mshindi alikuwa Ove Andersson kwenye Peugeot 504, gari la familia, ambalo ndugu zake wa Kenya walibeba abiria kama matatu. Kwenye vumbi na mashimo ya maelfu ya kilomita, utulivu na uimara vina thamani yake.

Tahadhari moja kwa atakayelitumia neno hili: usikivu si wepesi wa usukani. Magari mengi madogo ya siku hizi yana mota ya umeme inayosaidia kuzungusha usukani, unaugeuza kwa kidole kimoja na hujui matairi yanafanya nini. Elise haina msaada wowote. Kuiegesha kunachosha mabega, na ikishaanza kwenda, kila kokoto linalokanyagwa na tairi la mbele linafika mkononi.