Picha ya Van Dyck iliyonusuriwa kwa michango ya umma

MCHORAJI Anthony van Dyck alizaliwa Machi 22, 1599 mjini Antwerp, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Baada ya kufanya kazi chini ya gwiji Peter Paul Rubens na kuishi Italia kwa miaka kadhaa, alihamia London mnamo 1632. Mfalme Charles wa Kwanza alimteua kuwa mchoraji mkuu wa kasri, akampa cheo cha Sir na kumtengea malipo ya pauni 200 kwa mwaka.

Kazi yake ilikuwa kumchora mfalme, malkia na mabwanyenye wa kasri. Hata hivyo, yapata mwaka wa 1640 alijichora mwenyewe kwa rangi za mafuta juu ya turubai yenye umbo la yai.

Katika picha hiyo, Van Dyck anamgeukia mtazamaji juu ya bega lake. Uso umechorwa kwa uangalifu mkubwa, ilhali mavazi yamepakwa rangi kwa harakaharaka, kana kwamba hayakukamilishwa. Mkono wake wa kulia unaonekana kuinuka, mithili ya mtu aliyeshika brashi. Juu ya fremu pana ya dhahabu limechongwa ua la alizeti. Kama alizeti ifuatavyo jua, ndivyo mchoraji wa kasri alivyomwelekea mfalme wake.

Fadhila hizo hazikudumu. Van Dyck alifariki London Desemba 9, 1641 akiwa na umri wa miaka 42, siku chache tu baada ya bintiye Justiniana kuzaliwa. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uingereza, na mnamo 1649 Mfalme Charles akakatwa kichwa. Kaburi la mchoraji huyo, lililokuwa katika kanisa kuu la St Paul's, liliteketea katika moto mkubwa wa London wa 1666.

Picha ilibaki. Kwa karibu miaka 300 ilimilikiwa na ukoo mmoja wa mabwanyenye, hadi ilipouzwa mnadani Desemba 2009 kwa takriban pauni milioni 8.3. Mnamo 2013 tajiri mmoja alikubali kuinunua kwa pauni milioni 12.5 ili aipeleke Marekani. Serikali ya Uingereza ilizuia kwa muda kibali cha kuisafirisha, na jumba la sanaa la National Portrait Gallery likaanzisha harambee.

Tajiri huyo alijiondoa, na bei ikapunguzwa hadi pauni milioni 10. Maelfu ya wananchi walichanga, na hazina ya urithi inayotokana na bahati nasibu ya taifa ikatoa sehemu kubwa ya fedha. Mnamo Mei 2014 picha hiyo ikawa mali ya umma.

Hivyo basi, sura ya mtumishi wa mfalme ilisalia London kwa fedha za raia wa kawaida.