Hatifungani: nani aliyefungwa?

Mwanafunzi wa fedha binafsi anapolisikia neno hatifungani kwa mara ya kwanza, mara nyingi husikia kufuli. Kuna hati, kuna kufunga. Basi fedha imefungwa miaka mitano, kumi, ishirini na mitano, na mwenyewe haruhusiwi kuigusa mpaka muda uishe. Wapo walioacha kununua kwa sababu hiyo tu. Wapo pia walionunua kwa sababu hiyohiyo, wakijisemea kwamba kilichofungwa hakiwezi kupungua. Wote wawili wamelisoma neno kinyumenyume.

Tulitazame lilivyoundwa. Hati ni maandishi, na kila aliyewahi kudai kiwanja anajua uzito wake. Fungani inatokana na kufungana, kama mshindani anavyotokana na kushindana. Hii ni hati inayowafunganisha watu wawili. Lakini jiulize, baada ya kuandikwa, nani bado ana wajibu? Aliyetoa fedha amekwisha kutoa. Hadaiwi kitu tena. Aliyepokea ndiye aliyebaki na mzigo: kiwango cha riba alichoahidi, tarehe za kuilipa, na siku ya kurudisha mtaji wote. Kufungwa kote kuko upande wa mkopaji. Mwenye hati ameshika tu ncha ya kamba, na ncha hiyo anaweza kumkabidhi mtu mwingine siku yoyote atakayopata wa kuipokea.

Kwa hiyo maana ya istilahi hii kwa maneno machache ni mkopo ulioandikwa kwa namna inayouzika. Anayenunua hatifungani anakopesha. Anaikopesha Serikali, benki, kampuni, au hata mamlaka ya maji, kama walivyofanya walionunua hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA mwaka 2024, ya miaka kumi kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili mabomba na mitambo ya maji ya Tanga ipanuliwe.

Neno hili lina wapinzani wake. Kenya utasikia bondi, na utasoma pia hati ya dhamana. Bondi ni jepesi mdomoni, ila halimwambii kitu asiyelijua. Dhamana lina taabu nyingine: limebeba kazi nyingi mno. Mshtakiwa hutoka kwa dhamana, shamba huwekwa dhamana benki, na mtu hupewa dhamana ya uongozi. Tanzania dhamana za Serikali ni jina la jumla, linalokusanya hatifungani pamoja na hati za muda mfupi za siku 35, 91, 182 na 364. Mimi nabaki na hatifungani. Lugha yetu ilikuwa na karatasi ya deni tangu zamani, hundi, iliyokuja na biashara ya India. Katika karne ya 19 matajiri wa Unguja kama Taria Topan walikopesha misafara ya bara, ikiwemo ya Tippu Tip, na deni lilingoja pembe za ndovu zifike pwani. Hundi leo imekuwa karatasi ya benki ya malipo ya papo kwa papo. Deni lenye ratiba ya miaka lilihitaji jina lake.

Kabla ya kwenda kwenye hesabu, tuiweke kando hisa, maana mitihani hupenda kuichanganya na hatifungani. Mwenye hisa ni mmiliki mwenza wa kampuni. Gawio lake hutegemea faida iliyopatikana na uamuzi wa kuigawa. Mwaka mbaya hapati kitu na hana wa kumshtaki. Mwenye hatifungani ni mdai. Riba yake ni deni, kampuni ipate faida isipate, na ikifilisika yeye hulipwa kabla ya wenye hisa. Gharama ya kutangulia huko ni kunyimwa sehemu ya neema: kampuni ikitajirika mara kumi, riba yake haiongezeki hata senti.

Sasa namna inavyonunuliwa. Benki Kuu ya Tanzania huuza hatifungani za Serikali kwa mnada. Mnunuzi hupitia benki au dalali wa soko la mitaji na kutaja bei kwa kila shilingi 100 za thamani iliyoandikwa kwenye hati. Anaweza kutaja 98, 100 au 104. Akitaja 98 na ombi likakubaliwa, analipa 98 leo na siku hati inapoiva anarudishiwa 100 kamili. Katikati hapo hupokea riba kila baada ya miezi sita, iliyokokotolewa juu ya ile 100, hata kama yeye alilipa pungufu au zaidi. Riba hiyo huitwa kuponi. Zamani hati zilichapishwa kwenye karatasi kubwa yenye vipande vidogo pembeni. Tarehe ya riba ikifika, mwenye hati alikata kipande, akakipeleka kulipwa. Siku hizi hati ni tarakimu kwenye mfumo wa kompyuta, lakini jina la kuponi limebaki.

Kuponi haibadiliki. Hapo ndipo penye utamu na penye sumu, na ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae hapo.

Mwaka 2021 Tanzania ilianza kuuza hatifungani ya miaka 25 yenye kuponi ya asilimia 15.95. Aliyechukua ya thamani ya shilingi 10,000,000 alihakikishiwa 1,595,000 kwa mwaka, yaani 797,500 kila nusu mwaka, hadi 2046. Mwaka 2022 hati mpya za muda huohuo zilishushwa hadi asilimia 12.56. Mnunuzi mpya wa 10,000,000 akawa anapata 1,256,000 kwa mwaka. Sasa jiweke mahali pa mnunuzi huyo. Jirani yako ana hati ya mkopaji yuleyule, yenye muda unaokaribiana, inayolipa 339,000 zaidi kila mwaka. Ungempa 10,000,000 akuachie? Angekucheka. Ukipiga hesabu ya tofauti hiyo kwa miaka yote iliyobaki, ukikumbuka kwamba shilingi ya 2046 si sawa na shilingi ya leo, unafika kwenye bei ya takribani 12,500,000. Kwa bei hiyo, hati ya zamani na hati mpya zinakulipa sawasawa.

Haya geuza. Baadaye viwango vilipanda tena, na hati mpya za miaka 25 zikarudi juu ya asilimia 15. Aliyenunua ile ya asilimia 12.56 kwa bei kamili, kisha akapatwa na haja ya fedha, anaingia sokoni na hati inayolipa kidogo kuliko zile mpya. Iwapo wanunuzi wanataka asilimia 15.75, hati yake ya 10,000,000 haitavuka sana 8,000,000. Hakuna aliyemwibia. Serikali haijakosa kumlipa hata kuponi moja. Akivumilia hadi hati iive atapata 10,000,000 zake zote. Lakini leo, mkononi, anazo milioni nane.

Kanuni basi ni kwamba viwango vya riba vikipanda, bei ya hatifungani za zamani hushuka. Vikishuka, bei hupanda. Na kadiri muda uliobaki unavyokuwa mrefu ndivyo bei inavyoyumba zaidi. Hati iliyobakiza mwaka mmoja haisukumwi sana, kwa kuwa siku ya kurudishiwa 100 iko karibu. Ya miaka 25 husukumwa kwa nguvu.

Hapa tunahitaji istilahi ya pili, na Kiswahili bado hakijatulia nayo. Kile ambacho mnunuzi anapata kwa kweli, akijumlisha kuponi zote pamoja na tofauti ya bei aliyolipa na ile 100 atakayorudishiwa, wengine hukiita faida, wengine mavuno. Faida haifai, kwa sababu mwanafunzi ataichanganya na faida ya biashara. Mavuno ni zuri kwa sikio, ila linadokeza kitu kinachokuja mara moja mwishoni. Napendekeza mapato hadi kuiva: ni refu, lakini limebeba sharti lake ndani. Kiwango hicho kinasimama iwapo tu utaishika hati hadi iive. Ukiuza njiani, mapato yako ni mengine, na soko ndilo litakalokutajia. Tangazo linaloandika kuponi kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu bei halijakudanganya, ila limekuachia nusu ya hesabu uifanye mwenyewe.

Walioisahau nusu hiyo si wanafunzi peke yao. Silicon Valley Bank ya California ilikuwa imejaza amana za wateja kwenye hati za muda mrefu, nyingi zikiwa salama kabisa kwa maana ya mkopaji kulipa, zilizonunuliwa wakati riba za Marekani ziko chini. Riba zikapanda kwa kasi mwaka 2022. Wateja walipoanza kuhitaji fedha zao, benki ikauza sehemu ya hati hizo na kutangaza hasara ya takribani dola bilioni 1.8. Wateja wakashtuka, wakakimbilia kutoa, na tarehe 10 Machi 2023 benki ikafungwa. Shida ilikuwa kulazimika kuuza kabla ya wakati. Hiyo ndiyo sababu ada ya shule ya Januari haitumiwi kununulia hatifungani ya miaka 20, hata kuponi iwe tamu namna gani.

Kuna hatari ya pili, ya mkopaji kushindwa. Watu wa kwetu husema Serikali haifilisiki, kwa kuwa inachapa fedha yake. Waulize Waghana. Desemba 2022 serikali ya Ghana iliwataka wenye hatifungani za ndani kuzibadilisha kwa hati mpya zenye muda mrefu zaidi na riba ndogo. Wastaafu waliokuwa wakiishi kwa kuponi walijipanga nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra na mabango. Februari 2023 Sophia Akuffo, Jaji Mkuu mstaafu wa nchi hiyo, alikwenda kusimama nao. Wastaafu hatimaye waliondolewa kwenye mpango ule, lakini somo lilikuwa limeshatolewa: anayekopesha serikali huangalia madeni ya serikali hiyo kama anavyoangalia madeni ya jirani. Na hatifungani haiingii katika bima ya amana inayolinda fedha ya mteja benki inapofungwa.

Ndiyo maana sikuwahi kulipenda jina la M-Akiba. Machi 2017 Kenya ilizindua hatifungani ya kununuliwa kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, ya miaka mitatu, kwa riba ya asilimia 10 isiyokatwa kodi. Wazo lilikuwa bora. Hatifungani za kawaida huko zilianzia shilingi 50,000, na mama muuza mboga hakuwa na mlango. Jina ndilo lililokosewa. Akiba ni kitu chako ulichokiweka. Kilichokuwa kikiuzwa pale ni mkopo kwa Hazina. Aliyeambiwa ukweli huo angeuliza maswali ya mkopeshaji: mnakwenda kuzifanyia nini, mtanilipa kutoka wapi, nikitaka kutoka kabla ya wakati nani atanunua?

Msomaji Mwislamu atakuwa ameshauliza swali lake tangu neno riba lilipotajwa mara ya kwanza. Kwake kuna sukuk, ambayo huwekwa rafu moja na hatifungani ingawa si mkopo wa riba: mwenye hati hushiriki katika mali au mradi na hulipwa kutokana na kodi ya pango au faida ya mradi huo. Kuiita hatifungani ya Kiislamu, kama magazeti yanavyopenda, ni kuifuta tofauti ambayo kwa ajili yake ilibuniwa.

Lililobaki ni la vitendo. Ukienda kwa dalali kununua hati iliyokwisha kuuzwa mara ya kwanza, atakutajia bei kwa kila 100, na jumla utakayotakiwa kulipa itazidi bei hiyo. Usigombane naye kabla hujauliza tarehe ya kuponi ya mwisho. Muuzaji aliyeishika hati ya asilimia 15.95 kwa miezi mitatu tangu alipwe amekwisha kuchuma nusu ya kuponi ijayo, karibu shilingi 399,000 kwa kila 10,000,000, lakini kuponi nzima italipwa kwako. Kwa hiyo unamrudishia chake mapema, juu ya bei. Fedha hiyo huitwa riba iliyolimbikizwa, na miezi mitatu baadaye utaipokea ndani ya zile 797,500. Ongeza ada ya dalali, na uulize pia hati za aina hiyo huuzwa mara ngapi kwa wiki. Akisita kujibu, ujue siku ya kuuza kwako nawe utasubiri.