RASCOM: Setelaiti ya Afrika Iliyorushwa Mara Mbili

Tarehe 23 Agosti 1963, Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, alipanda meli ya Kimarekani iliyotia nanga katika bandari ya Lagos, akashika simu na kuzungumza na Rais John F. Kennedy aliyekuwa Washington. Meli hiyo, USNS Kingsport, ilibeba ungo mkubwa uliofunikwa kwa kuba, na ungo huo ulikuwa ukiifuata angani setelaiti ndogo iitwayo Syncom 2, ambayo haikuwa hata na mwezi mmoja tangu irushwe. Hayo yakawa mazungumzo ya kwanza ya simu ya moja kwa moja baina ya viongozi wa nchi mbili kupitia setelaiti.

Afrika, basi, ilikuwapo tangu asubuhi ya teknolojia hii. Lakini ilikuwapo kama mgeni mwalikwa. Meli haikuwa yake, setelaiti haikuwa yake, na ilipita miaka 44 kabla ya nchi za bara hili kurusha chombo cha mawasiliano zilichokimiliki kwa pamoja. Historia ya chombo hicho, RASCOM-QAF1, inajulikana kidogo mno kwa watu ambao kilitengenezwa kwa ajili yao.

Wazo la setelaiti ya mawasiliano linatokana na hesabu. Kwa urefu wa kilometa 35,786 juu ya ikweta, setelaiti huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo ukiitazama kutoka chini inaonekana imesimama palepale. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alilieleza jambo hilo katika jarida la Wireless World mwezi Oktoba 1945, akaonyesha kwamba vyombo vitatu vya namna hiyo vingetosha kueneza mawasiliano karibu dunia nzima. Syncom 2 ilikuwa bado inayumba kaskazini na kusini kila siku. Syncom 3, iliyorushwa Agosti 1964, ndiyo ya kwanza kutulia kabisa. Aprili 1965 ikafuata Early Bird, setelaiti ya kwanza ya biashara, yenye uwezo wa kubeba simu 240 kwa wakati mmoja au chaneli moja ya televisheni.

Afrika Mashariki haikuchelewa kujiunga. Mwaka 1970 kituo cha ardhini cha Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilianza kuzungumza na setelaiti za shirika la kimataifa la Intelsat zilizokuwa juu ya Bahari ya Hindi, kikihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Miaka minne baadaye, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni Kinshasa karibu saa kumi usiku, kwa sababu saa hiyo ndiyo iliyowafaa watazamaji wa Marekani waliosubiri picha za setelaiti. Wakazi wa Kinshasa walikesha ili Marekani itazame jioni. Kwangu mimi usiku ule unaeleza kila kitu kuhusu mpangilio wa miaka hiyo: setelaiti ziliiunganisha Afrika na nchi za nje vizuri kabisa, ila hazikuiunganisha Afrika na Afrika.

Nchi tatu za Afrika Mashariki zilikuwa na bahati ya mtandao mmoja wa posta na simu uliorithiwa kutoka enzi za ukoloni. Kwingineko hali ilikuwa ya aibu. Simu ya kutoka Abidjan kwenda Accra, miji miwili ya nchi jirani, ilipitia Paris na London, kwa kuwa nyaya zilifuata njia za wakoloni. Kila dakika ya maongezi hayo ililipiwa Ulaya, na makadirio ya malipo ya namna hiyo kwa bara zima yaliyotajwa sana na wahusika yalikuwa kati ya dola milioni 400 na 500 za Marekani kwa mwaka.

Ndipo mwaka 1992 mataifa ya Afrika yalipounda RASCOM, shirika la kiserikali lenye makao makuu Abidjan, ambalo wanachama wake walifikia nchi 45. Lengo lilikuwa setelaiti moja ya kuhudumia bara zima: simu baina ya nchi na nchi, matangazo ya redio na televisheni, na zaidi ya yote simu za vijijini, kule ambako hakuna waziri aliyeahidi kufikisha nguzo za simu. Lengo hilo lilikuwa sahihi, na nalitetea hadi leo. Kilichokosekana ni fedha. Ilipita miaka mingi ya vikao na kutafuta wawekezaji, mpaka kampuni ya RascomStar-QAF ilipopatikana, ikibebwa kwa sehemu kubwa na mtaji wa Libya. Kazi ya kujenga wakapewa Thales Alenia Space wa Ufaransa.

RASCOM-QAF1 ilipaa tarehe 21 Desemba 2007 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Chombo hicho cha zaidi ya tani tatu kilikusudiwa kuishi miaka 15. Roketi ilifanya kazi yake bila kasoro. Tatizo lilijitokeza siku chache baadaye, setelaiti ilipokuwa ikijipandisha yenyewe kuelekea kituo chake cha nyuzi 2.85 mashariki: gesi ya heli ilikuwa inavuja.

Heli hiyo haiungui wala haiendeshi injini. Kazi yake ni kama ya hewa ndani ya jiko la mafuta la kupampu: inayakandamiza mafuta yatoke tangini kwa nguvu inayotakiwa. Ikipungua, mafuta yapo lakini huwezi kuyatumia yote. Na setelaiti isiyo na mafuta haidumu mahali pake, maana mvuto wa mwezi na jua huiyumbisha kila siku, na bila kurekebishwa mara kwa mara itaanza kupotea machoni mwa nyungo zilizoelekezwa kwake. Wahandisi walisitisha safari, wakapiga hesabu upya, wakaipandisha kwa uangalifu hadi ikafika kituoni mwanzoni mwa 2008. Iliwasha mitambo na kufanya kazi. Lakini umri wake ulikuwa umeshuka kutoka miaka 15 hadi takriban miwili.

Mwaka huohuo iliagizwa nyingine kuziba pengo. RASCOM-QAF1R ilirushwa tarehe 4 Agosti 2010, safari hii ikafika salama.

Msiba wa chombo cha kwanza kuharibika haukuwa wa RASCOM peke yake. NigComSat-1 ya Nigeria ilirushwa kutoka China Mei 2007, ikaharibika mfumo wa umeme Novemba 2008, na mrithi wake akapaa Desemba 2011. Angosat-1 ya Angola, iliyojengwa Urusi, ilirushwa Desemba 2017 na kutangazwa kuwa imekufa miezi michache baadaye. Angosat-2 ikaja Oktoba 2022. Katika kila tukio nchi ilipewa chombo kingine. Muda uliopotea haukurudishwa na yeyote, na muda ndio uliokuwa na thamani kubwa zaidi.

Tazama kilichotokea wakati RASCOM ikisubiri mrithi. Julai 2009 mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata ukaanza mkongo wa EASSy, siku chache tu kabla ya QAF1R kupaa. Mikongo ya chini ya bahari hubeba data nyingi mno kuliko setelaiti, kwa bei ndogo. Minara ya simu za mkononi nayo ilikuwa imeshafika vijiji vingi ambavyo RASCOM iliahidi kuvifikia. Setelaiti iliyobuniwa kwa matatizo ya 1992 ilipanda katika soko la 2010.

Kwenye roketi hiyohiyo ya Agosti 2010 kulikuwa na abiria mwingine: Nilesat 201 ya Misri. Wamisri walikuwa na setelaiti yao tangu 1998, na walijua wanachouza, yaani televisheni. Chaneli za Kiarabu hulipia nafasi, familia kutoka Morocco hadi Ghuba hutazama, na kampuni hujiendesha. RASCOM ilitegemea mashirika ya simu ya nchi 45, mengi yakiwa na madeni na kila moja likiwa na mkataba wa zamani na mtu mwingine.

Huku kwetu televisheni nayo ilichagua njia yake. Ving'amuzi vya DStv katika Afrika Mashariki hupokea kutoka nyuzi 36 mashariki, na Azam TV ilianza mwaka 2013 ikitumia nyuzi 7 mashariki. Setelaiti za vituo vyote viwili ni za Eutelsat, kampuni yenye makao yake Ufaransa.