Kabla ya Kizibao Kulikuwa na Kabrasha

Julai 1977 Don Revie aliwaacha Waingereza midomo wazi: kocha wa timu yao ya taifa anajiuzulu, anakwenda kuifundisha Falme za Kiarabu. Magazeti ya kwao yalishikilia fedha, pauni 340,000 kwa miaka minne, na lawama zikafuata. Mimi ninayewafundisha soka vijana wa Afrika Mashariki hapa Dubai, siku za mapumziko, nashikilia jambo jingine: makabrasha yake.

Alipokuwa Leeds United, Revie aliwatuma wasaidizi, Syd Owen akiwa mmojawapo, wakawatazame wapinzani. Walirudi na kurasa nzima za uzuri na udhaifu wa kila mtu, na wachezaji wakasomewa kabla ya mechi. Hakuwa wa kwanza kuandika. Machi 1950, uwanjani Swindon, Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga, alitoa penseli akaanza kuhesabu mashambulizi. Lakini Reep alihesabu mchezo, Revie alimpeleleza mtu. Alipoyapeleka makabrasha hayo kwenye timu ya taifa, baadhi ya wachezaji wa Uingereza walinung'unika kwamba wanasifiwa wapinzani mpaka wanawaogopa.

Mwaka 1980 Revie alihamia Al Nasr, klabu kongwe ya Dubai iliyoanzishwa 1945, akakaa hadi 1984. Muongo mmoja baadaye, mji uleule wa Leeds ukazaa Prozone, kampuni iliyofunga kamera viwanjani kumfuata kila mchezaji. Derby County ilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Mwaka 2015 wakuu wa soka wakaruhusu vifaa vya kupimia vivaliwe hata kwenye mechi. Kombe la Dunia la Qatar 2022, kamera 12 zilisoma hadi sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde.

Katika safari hiyo jicho limegeuka. Kabrasha lilimchungulia mpinzani. Kizibao chenye kifaa mgongoni humchunguza anayekivaa. Kina faida yake: kocha huona nani mbio zake zimepungua, akampumzisha kabla msuli haujachanika.

Vijana wangu, lakini, ni walinzi na wapeleka chakula kwa pikipiki. Anayefika mazoezini usiku wa Agosti ameshasimama zamu nzima kwenye joto. Kizibao huanza kuhesabu pale anapokivaa. Saa zote za kabla yake hakizijui. Nikiisoma namba peke yake, mchapakazi ataonekana mvivu, nami nitamwongezea mbio badala ya kumpa maji na benchi.

Kwa hiyo nina daftari. Upande mmoja naandika kilomita, upande wa pili zamu, usingizi na chakula. Ni kazi ileile ya Syd Owen, ila mimi nawapeleleza wachezaji wangu mwenyewe. Kabla sijauliza kijana amekimbia kiasi gani, namuuliza ametoka kazini saa ngapi, ndipo napanga nani aanze.