Kirusi Kilichounda Betri

Mwaka 2020 tulimzika babu bila kumwosha, na tangu hapo neno virusi likawa kwangu jina la msiba. Ndiyo maana nilianza kusoma habari za Angela Belcher kwa kinyongo. Alianzia Santa Barbara, California, akichunguza abaloni, konokono wa baharini anayejijengea gamba gumu kwa chokaa na protini kidogo tu. Akajiuliza kama kiumbe kingine kingeweza kufundishwa ujenzi huo. Akachagua M13, kirusi kinachoshambulia bakteria tu, akabadili jeni zake ili ganda lake linase madini. Mwaka 2009, huko MIT, yeye na wenzake walitangaza betri iliyoundwa kwa virusi hivyo. Babu harudi. Ila neno lile sasa nalitamka bila kushusha sauti.